Ganda la Risasi Likishapigwa: Kuosha, Kukagua na Kutupa

ZUHURA: Assalaam alaikum wasikilizaji wetu, karibuni tena. Tuko hapa Mtwara, mvua imekatika sasa hivi, tumefunga madirisha ili bodaboda zisituharibie sauti. Mimi ni Zuhura, mwalimu wa kemia, na niko na kaka yangu Salumu, fundi wa vyuma.

SALUMU: Wa alaikum salaam, mwalimu. Shikamooni wakubwa mnaotusikiliza. Wadogo zangu, hamjambo.

ZUHURA: Kaka, kuna msikilizaji wa Masasi ameona video kutoka Marekani. Mtu ana ndoo nzima ya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, anayaosha, anayakausha, anayang'arisha kama vyombo vya harusi. Anauliza, kitu kinachokwenda kupigwa moto tena, kinaoshwa kwa nini?

SALUMU: Swali zuri. Tuanze na sheria, nisije nikamponza mtoto wa mtu. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha ni kwa leseni, na kukaa nyumbani unajaza upya maganda yaliyopigwa yawe risasi tena, bila kibali, ni kosa. Wenzetu Marekani kwao ni jambo la kawaida, wapiga shabaha na wawindaji wengi wanajaza za kwao. Mimi kazi hii nimeijua kupitia wawindaji wenye leseni, na kilichonivuta ni metali yenyewe.

ZUHURA: Brasi.

SALUMU: Brasi. Sasa tazama. Risasi nzima ina kichwa kinachoruka, ina baruti, ina fataki ya kuwashia kule kitakoni, na ina ganda linaloshika vyote hivyo. Ukipiga, kichwa na baruti vimekwenda, ganda limebaki na fataki iliyokwisha kuwaka. Na kwa anayejaza, ganda ndilo la gharama kuliko vyote, kwa hiyo analiokota.

ZUHURA: Linaokotwa mchangani.

SALUMU: Hapo ndipo penyewe. Ganda likipigwa hutanuka. Ili liingie tena kwenye bunduki, linasukumwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu irudishe kipimo chake. Punje moja ya mchanga inakwaruza ganda, ikinasa kwenye kalibu inakwaruza kila ganda linalofuata. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba masizi yanaficha ufa. Ganda linaoshwa ili lionekane.

ZUHURA: Kwa hiyo kung'aa kwenyewe siyo shabaha.

SALUMU: Kung'aa ni pambo. Ganda lililofifia rangi, ila safi na zima, linafanya kazi sawasawa na lile linalometameta. Wapo wanaomaliza siku nzima wanatafuta mng'aro, ukiwauliza umekagua mangapi, hakuna. Hilo linaniuma kweli, maana kitu chenyewe kinakaa karibu na uso wa mtu.

ZUHURA: Haya, tushike ndoo. Tunaanza wapi?

SALUMU: Kuchambua. Pitisha sumaku kwanza. Yanayonasa ni ya chuma, weka kando, na ya alumini vilevile, hayo hayajazwi tena. Halafu tenga kwa saizi na kwa alama iliyogongwa kitakoni. Kisha mulika ndani kwa tochi. Ukiona kitundu kimoja katikati, fataki yake inasukumwa nje kwa sindano kirahisi. Ukiona vitundu viwili vidogo, huo ni mtindo wa Berdan, na ukilazimisha sindano unaivunja. Ajabu yake, Berdan alikuwa Mmarekani, na Boxer, mwenye mtindo wa kitundu kimoja, alikuwa Mwingereza. Lakini Marekani ndiko uliko­shamiri wa Boxer, na Ulaya ndiko ulikoshika wa Berdan.

ZUHURA: Kumbe! Basi hapa kwenye kuosha niachie mimi kidogo.

SALUMU: Karibu, mwalimu.

ZUHURA: Brasi ya maganda ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Weusi unaouona juu ni masizi, na pia metali imeliwa na hewa. Maji ya moto na sabuni ya vyombo yanatoa masizi. Kile kilicholiwa na hewa kinahitaji asidi nyepesi. Bibi zetu Mikindani walisugua madele ya kahawa kwa ndimu na ukwaju, na ni kemia ileile. Wajazaji wanatumia unga wa asidi ya sitriki, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji kinatosha, kwa dakika chache, halafu suuza mpaka maji yatoke meupe.

SALUMU: Kwa nini wasikamue ndimu tu?

ZUHURA: Ndimu hazilingani, na zina sukari na nyuzinyuzi zake. Unga unaupima. Na kipimo ni muhimu kwa sababu asidi ikiwa kali au ikikaa sana, inakula zinki na kuacha shaba juu. Ganda linageuka rangi ya waridi. Likiwa waridi kidogo juujuu halina shida kubwa, lakini likikaa usiku kucha kwenye asidi kali, mimi nalitupa.

SALUMU: Nami nalitupa. Sasa sema ile ya amonia.

ZUHURA: Ndiyo nimeileta. Kuna dawa nyingi za madukani za kung'arisha shaba na vioo zenye amonia, zinang'arisha haraka sana. Kwa ganda la risasi ni sumu. Karne ya 19, jeshi la Uingereza kule India lilikuwa linahifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika. Mvua zikiisha, wanafungua masanduku, maganda yamepasuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Chanzo kikaja kuelezwa mwaka 1921: amonia ya mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu.

SALUMU: Lakini brasi ya koki nyumbani haipasuki hivyo.

ZUHURA: Ganda lina jambo la ziada. Kiwandani linavutwa kutoka kipande bapa mpaka liwe kikombe kirefu, na mvuto ule unabaki ndani ya metali. Amonia inaingia katikati ya chembe zake, na metali iliyokwisha kuvutana inaachia. Ufa unatokea pasipo pigo. Kwa hiyo tafadhali, soma kibandiko cha chupa. Na usihifadhi brasi karibu na banda la mbuzi.

SALUMU: Unyevu wa pwani hii peke yake unatosha kuitesa! Basi likishasuuzwa, likauke, hasa kwenye kishimo cha fataki, maji hujificha pale. Jua la Mtwara linatosha, tandaza juu ya kitambaa. Usitie kwenye moto mkali kwa haraka yako. Kitako cha ganda kikipata joto kubwa kinalainika, na kitako ndicho kinachozuia gesi isirudi kwa mpigaji. Shingoni, pale panaposhika kichwa, ni kinyume, kule metali inakuwa ngumu kila inapopigwa na kusukumwa, mwisho inapasuka, kwa hiyo wenye ujuzi wanaipasha moto kidogo ilainike. Shingo tu na bega, yaani pale ganda linapoanza kubanwa kuingia shingoni. Kitako hakiguswi.

ZUHURA: Na ile mashine inayotikisika kwenye video?

SALUMU: Ndani mna gunzi la mahindi lililosagwa, au maganda ya tunda la jozi. Yanasuguana na brasi taratibu kwa saa kadhaa. Nimeulizwa mara nyingi, sisi watu wa Mtwara tumejaa maganda ya korosho, si tuyasage?

ZUHURA: Hapana, jamani!

SALUMU: Waambie.

ZUHURA: Ganda la korosho lina mafuta makali. Wabanguaji wanayajua, ndiyo maana wanapaka majivu au mafuta mikononi, na bado ngozi inababuka. Ukilisaga unapata vumbi linalounguza na brasi iliyopakazwa utomvu. Gunzi tunalo bure, litumike hilo.

SALUMU: Na hapo kwenye vumbi nisimame. Fataki nyingi zina madini ya risasi, yaani ledi, haya mazito yanayodhuru ubongo wa mtoto. Yakishapigwa yanabaki kama vumbi ndani ya ganda. Kwa hiyo kazi hii haifanywi jikoni, sufuria ya kuoshea hairudi kupikiwa, na mashine inafunguliwa nje. Mimi napendelea kuosha kwa maji kabla ya kutikisa, maji yanashika vumbi. Ukimaliza nawa kwa sabuni, badili shati, ndipo umbebe mtoto.

ZUHURA: Sasa ukaguzi wenyewe, uelezee pole pole.

SALUMU: Shika ganda kwenye mwanga wa dirisha, lizungushe. Shingoni tafuta ufa mwembamba wa kwenda juu. Kisha shuka karibu na kitako. Ukiona mstari unaong'aa umelizunguka ganda, metali imevutika pale, imekuwa nyembamba. Usiamini jicho peke yake. Chukua waya mwembamba mgumu, noa ncha, ikunje kidogo iwe ndoano. Ingiza ndani mpaka chini, uvute juu ukiwa umeugandamiza ukutani. Ganda zima, waya unateleza. Ganda bovu, waya unakwama kwenye mfereji, unausikia kidoleni. Hilo liponde kwa koleo, uweke kwenye skrepa, asije mwenzio akaliokota.

ZUHURA: Hata likiwa limeng'aa.

SALUMU: Hata likiwa limeng'aa.

ZUHURA: La mwisho, ndugu zetu wa Lindi. Mahiwa palipiganwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck na Waingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi waliokufa walikuwa Waafrika. Wakulima bado wanaweza kuokota maganda ya kale shambani.

SALUMU: Hayo hayajazwi kamwe. Fataki nyingi za zama zile zilikuwa na zebaki, na zebaki inaifanya brasi ikatike kama kigae. Wala usiyatie asidi. Suuza udongo kwa maji na brashi laini, acha rangi yake ya uzee. Kitakoni mara nyingi pamegongwa alama ya kiwanda na mwaka, na ndicho chenye thamani kwa historia yetu. Asidi inaweza kufuta.

ZUHURA: Na ukikuta nzima, ina kichwa chake?

SALUMU: Usiiguse, usiisafishe, usimpe mtoto akuletee. Weka alama kwa mbali, piga 112, waambie polisi iko wapi.