Mpira Ulimfikia Wapi? Neno kwa Makocha wa Vijana

Walimu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka tuache kuwaharibu vijana. Straika akimaliza mechi tano bila bao, jukwaa linasema kaisha, viongozi wanasema kaisha, na sisi tunaitikia. Hakuna anayeuliza mpira ulimfikia wapi. Aliupokea akitazama goli, au goli likiwa mgongoni mwake?

Turudi kwa Fernando Torres, straika wa Hispania. Mlimwona wenyewe kwenye vibanda umiza, kwa hiyo sitawasimulia habari za nywele zake. Liverpool, msimu wake wa kwanza, 2007/08, alifunga mabao 24 ya ligi. Alipoondoka Anfield, uwanja wa Liverpool, alikuwa na mabao 65 katika mechi 102 za ligi. Tarehe 31 Januari 2011 Chelsea wakamnunua kwa pauni milioni 50. Msimu huo akawafungia bao moja tu, Aprili, dhidi ya West Ham. Hadi anaondoka, mabao 20 katika mechi 110 za ligi.

Sasa tazameni mabao ya Anfield yalivyopikwa. Kiungo Gerrard akiupata mpira hakai nao. Torres ameshachomoka, ameshachagua upenyo pembeni ya beki wa kati. Mpira unatangulia, yeye anaufuata, beki ndiyo kwanza anageuka. Fainali ya Euro 2008 dhidi ya Ujerumani ilikuwa hivyohivyo: Xavi kapenyeza, beki Lahm yuko mbele, Torres akampita, akauinua mpira juu ya kipa Lehmann. Bao lilikuwa hilohilo moja, Hispania wakachukua ubingwa.

Chelsea ilicheza mpira mwingine. Ilikaa na mpira muda mrefu, na timu nyingi zilizokuja Stamford Bridge zilirudi nyuma wote kumi. Nyuma ya mabeki hakukuwa na uwanja wa kukimbilia. Kulikuwa na kipa tu. Mahali pale panamtaka mtu wa kusimama na beki mgongoni, autulize mpira kifuani, apigane. Huyo ni Drogba, straika mwenzake wa Chelsea. Mnamtaka Torres awe Drogba, halafu mnasema kaisha?

Najua kuna anayetaka kunyoosha mkono aniambie: mwalimu, goti! Ndiyo, goti. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2010, akaenda Kombe la Dunia Afrika Kusini hajakaa sawa, hakufunga hata moja. Kasi ilipungua, sibishi. Lakini aliyepungua kasi ndiye hasa anayehitaji pasi iwahi. Wewe ukiichelewesha, umempunguzia mara ya pili.

Mwingine atasema: je, lile la Old Trafford, kwa Manchester United? Naam, Septemba 2011. Kampita kipa De Gea, goli tupu, katoa nje. Picha ile imezunguka dunia nzima. Lakini mechi ileile alikuwa ameshafunga, tena kwa ufundi, mpira umepita juu ya De Gea huyohuyo. Bao halikumbukwi. Na siku hiyo hiyo Rooney wa Manchester United aliteleza akakosa penalti, hakuna aliyemzika.

Halafu ngojeni miezi saba. Aprili 2012, Camp Nou, kwa Barcelona, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Chelsea wamebaki kumi, Terry ametolewa kwa kadi nyekundu, wote wamejazana ndani ya boksi lao. Dakika za nyongeza mpira unapigwa kutoka nyuma, Torres yuko peke yake, nusu uwanja nzima iko wazi mbele yake. Anakimbia, anampita kipa Valdés, anaweka wavuni, 2-2. Kitendo ni kilekile cha Old Trafford, kumzunguka kipa, na mtu ni yuleyule wa pauni milioni 50 aliyekuwa akichekwa kila Jumamosi. Siku ile Barcelona ndio waliokuwa wamepanda, ndiyo maana uwanja ulikuwapo. Bao lile mimi huwaonyesha vijana wangu kila msimu.

Hofu nayo ipo. Straika asiyefunga huanza kugusa mpira mara mbili pale pa kugusa mara moja. Lakini haiondoki kwa kumpigia kelele pembeni ya uwanja! Nimeona kijana wa miaka 16 akitolewa dakika ya 30 mbele ya mama yake, na kabla ya hapo hajapata pasi hata moja ya mbele. Sikulala vizuri.

Nilitaka kusema juu ya mawinga wanaoingia ndani na kumzibia namba tisa, yaani straika, njia, lakini saa imekwenda. Mazoezi ya kumalizia tutayafanya kesho uwanjani.

Kabla ya hapo, kila mmoja achore uwanja kwenye daftari. Jioni hii vijana wanacheza. Mfuate namba tisa wako peke yake, dakika zote 90. Kila akipokea mpira weka alama mahali alipo, na mshale wa upande aliokuwa anautazama. Kesho saa mbili asubuhi niyaone madaftari.