Karatasi Moja, Sauti Nne

Ndugu zangu walimu wa kwaya, na ninyi watafsiri mliokaa huko nyuma, hili nimelisema sana na leo nalirudia.

Waingereza wana msemo, "sing from the same hymn sheet": kuimba kwa kufuata karatasi moja ya tenzi. Huutumia zaidi wanasiasa na wakubwa wa maofisi. Kabla ya kuwakabili waandishi wa habari, wote wakubaliane la kusema, asitokee wa kumpinga mwenzake hadharani. Kwa maana hiyo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na bosi anayeuleta kikaoni ili kumnyamazisha anayeuliza swali.

Jamani, karatasi yenyewe ina nini? Ina sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Soprano yuko kwenye noti ya so, alto kwenye mi, besi ameshika do kule chini. Kila mmoja ana njia yake, na hapo ndipo wimbo unaposimama! Mtaniambia maneno ni yale yale. Ni kweli, na mapigo pia. Lakini wote wakikimbilia sauti ya kwanza, mistari mitatu ya karatasi hiyo imeandikiwa nani? Waingereza hao hao walihangaika ili muumini wa kawaida aweze kusoma wimbo. Sarah Glover wa Norwich alibuni njia ya kuandika nyimbo kwa herufi, na katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akairekebisha na kuieneza. Ndiyo hiyo d, r, m mnayoandika ubaoni kila mazoezi. Halafu mtu aje kuniambia karatasi ya tenzi maana yake ni kunyamaza!

Mtaniambia tena, "Serikali si kwaya." Sawa. Mwaka 1975 Waingereza walipopiga kura ya kubaki au kutoka katika Jumuiya ya Ulaya, Waziri Mkuu Harold Wilson aliwaruhusu mawaziri wake kupingana hadharani. Yeye alitaka kubaki. Tony Benn, waziri wake, alipiga kampeni ya kutoka. Waliotaka kubaki wakashinda, na Benn akabaki serikalini, ingawa alihamishwa wizara. Waziri Mkuu David Cameron naye aliwaruhusu mawaziri wake hivyo katika kura kama hiyo mwaka 2016, lakini hiyo ni habari ndefu, naiacha.

Muda umenibana. Watafsiri, nawaomba: msemo huu msiuandike "umoja" wala "mshikamano". Andikeni "wana kauli moja". Kama na mioyo yao imekubaliana, hilo waziri aliyeutumia msemo hakulisema, mwulizeni.