Dripu ya Chini ya Ngozi kwa Mzee Aliyepungukiwa Maji: Tazama Mkono Unavyobana

Karibuni tena. Leo nipo na bibi yetu. Ameniruhusu nirekodi tumbo lake na mikono yangu, sura yake hamtaiona. Ana homa siku ya 2, ulimi umekauka, mkojo ni kidogo na rangi yake nzito, na tangu jana maneno yanamchanganyikia. Wengi hufinya ngozi ya mkono waone kama inarudi haraka. Kwa mzee usitegemee kipimo hicho, ngozi yake imelegea hata akiwa na maji ya kutosha. Angalia ulimi, angalia mkojo, sikiliza maneno.

Anakunywa, ila funda mbili tatu anachoka. Daktari amempima na kuandika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 500, yapite usiku huu chini ya ngozi. Sikusema kwenye mshipa. Naipenda sana njia hii, kwa sababu nimeona wazee wanachomwa mara 5 au 6, mikono imejaa madoa meusi, na mshipa bado haujapatikana. Hapa hatutafuti mshipa wowote. Maji yanakaa kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na vimishipa vidogo vya hapo vinayanyonya taratibu.

Lakini taratibu ndiyo hiyo, kwa hiyo haimfai aliyeishiwa maji vibaya, presha imeshuka, yuko karibu kuzimia. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi. Haimfai mwenye moyo ulioshindwa kazi, wala aliyekwisha kuvimba mwili, wala anayetokwa damu kirahisi. Na kama hujafundishwa ana kwa ana na muuguzi, leo tazama tu, usichome.

Mikono nimeosha, glovu nimevaa, dripu nimetundika. Nafungulia maji yapite mpaka ncha ya sindano ya kipepeo, ile ndogo yenye mabawa ya plastiki, hewa yote itoke. Nafunga. Napaka spiriti tumboni, upande, vidole vinne kutoka kitovuni. Iache ikauke yenyewe, usipulize.

Mzee anayevutavuta vitu mwekee mgongoni, kati ya mabega, asikofika kwa mkono. Bibi ametulia, tumbo linatosha.

Sasa sogeeni. Kamera ishuke kidogo... hapo. Nabana ngozi kwa gumba na kidole cha shahada, nainua kikunjo. Mnaona kimesimama? Sindano inaingia kwa mshazari, nyuzi 45, tundu la ncha likitazama juu. Na mkono wa kushoto USIACHIE. Bado nimebana. Sindano imeingia yote, bado nimebana. Sasa ndiyo naachia.

Narudia, kwa sababu hapa niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliachia mapema, kwa mzee mwembamba, pajani, sindano ikafika kwenye msuli. Hakusema neno. Niliporudi nikafunua blanketi, nikakuta amekunja shuka ndani ya ngumi. Tangu siku ile natazama vidole vya mgonjwa pamoja na uso wake. Bana, ingiza, kisha ndiyo uachie.

Angalieni mrija: hakuna damu iliyorudi. Ingerudi, ningechomoa na kuanza upya mahali pengine kwa sindano mpya. Naweka plasta ang'avu ili ngozi ionekane, nazungusha mrija mara moja ili ukivutwa using'oe sindano, naandika tarehe na saa.

Seti hii inatoa matone 20 kwa mililita 1, imeandikwa kwenye pakiti, soma ya kwako. Nataka mililita 1 kwa dakika, maana yake tone 1 kila sekunde 3. Moja... mbili... ngoja, yamesimama. Sijagusa kitu. Ah, kiwiko. Bibi, samahani, inua mkono kidogo. Ahsante bibi. Yanashuka tena. Dripu ikisimama, usikimbilie kufungua zaidi, fuata kwanza mrija wote kwa kidole.

Kwa mwendo huu mililita 500 zitachukua saa 8 na dakika 20, atalala zikipita. Sehemu moja isipewe zaidi ya mililita 1,500 kwa siku.

Nimerudi baada ya saa 1. Tazameni hapa, pameinuka kama nusu ya yai. Msiogope. Nabonyeza: pako laini, hapana joto, bibi hasikii maumivu. Maji yananyonywa, patashuka penyewe. Pangekuwa pagumu, pekundu, pa moto, au maji yanavuja, ningefunga na kuhamisha sindano. Na mzee akianza kuhema kwa shida, funga dripu papo hapo, mkalishe, muite daktari.

Bibi, naweza kukupa maji? Haya, funda moja. Dripu haifuti kikombe, kiwe karibu naye usiku kucha. Mimi nitapita tena baada ya saa 2 kuhesabu matone na kuangalia vidole vyake.