Calgary au Edmonton? Leo najibu, tusirudie tena

Hamjambo ndugu zangu. Leo sikupanga kurekodi. Nimetoka zamu ya usiku, na macho mnayaona yalivyo. Lakini tangu niweke ile picha niliyopigwa juu ya mnara wa Calgary, swali linalokuja ni lile lile. "Calgary na Edmonton, tao gani, yaani katikati ya mji, ni kali?" "Nikija nifikie wapi?" "Mbona ulihama Calgary kama ni kuzuri hivyo?" Na kuna mmoja, tena ni wa ukoo wangu kabisa, ameandika kwamba watu wakishapanda minara husahau karo ya watoto wa ndugu zao. Basi tuanzie hapo.

Ile tikiti sikuinunua. Mwenzetu kazini alikuwa anastaafu, watu wakachanga, tukapanda sote. Kiingilio ni zaidi ya dola 20 kwa mtu mzima, na mimi dola 20 zangu nazijua zinakokwenda kabla hazijaingia. Karo nilituma wiki hiyo hiyo, na ujumbe wa kuthibitisha ninao kwenye simu. Siyasemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu inaniuma mtu kuona picha moja akaniandikia maisha yangu yote kutoka humo. Na najua nikitaja bili, mwingine ataandika "si urudi nyumbani basi." Kwa hiyo tuelewane mapema: sijisifu na silii. Nimeulizwa, najibu. Na ninachosema ni changu mimi, mtu wa kipato changu, niliyekaa Calgary miaka mitatu na sasa niko Edmonton. Mwenzangu mwenye kazi tofauti na pochi tofauti atawaambia mengine, na hatakuwa amedanganya.

Habari za theluji sizigusi, mmeziona vya kutosha.

Miji hii yote miwili iko mkoa mmoja, Alberta, huku Kanada. Katikati yao kuna kama kilomita 300, yaani ni kama kutoka Nairobi hadi Eldoret. Kila mmoja una watu zaidi ya milioni moja, na hawapatani tangu zamani. Reli ilifika Calgary mwaka 1883, mji ukajiona ndio utakaokuwa mkubwa wa wote. Mkoa ulipoundwa mwaka 1905, Edmonton ndiyo iliyopewa kiti cha serikali. Calgary wakasema haya, basi chuo kikuu tutapata sisi. Mwaka 1908 chuo kikuu nacho kikaanzia ng'ambo ya mto kutoka Edmonton. Kinyongo hicho sasa kinamalizwa kwenye hoki ya barafu, Flames wa Calgary na Oilers wa Edmonton. Oilers wana Stanley Cup, lile kombe kubwa la hoki, tano, Flames wana moja ya mwaka 1989, na mtu wa Edmonton atakukumbusha hesabu hiyo hata kama umemuuliza njia ya kwenda stendi. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa nilienda kazini na kofia nyekundu ya Flames, ya mtumba, niliyoipendea kufunika masikio tu. Kuna mzee ninayemhudumia, siku nyingi hasemi neno. Siku hiyo alinitazama, akainua kidole chake kinachotetemeka, akasema, "Ivue." Niliivua. Tangu hapo tunaongea.

Sasa tao zenyewe.

Tao ya Calgary imekaa bondeni, tambarare, mahali mto Elbow unapoingia mto Bow. Ndiyo maana mafuriko ya Juni 2013 yaliingia hadi kwenye uwanja wa hoki. Ukisimama barabarani pale, shingo lazima ipande juu, kwa sababu ni maghorofa ya kampuni za mafuta yaliyobanana, vioo kwa vioo. Mnara wenyewe ni wa mwaka 1968, una mita 191, na siku hizi maghorofa yameuzidi urefu. Juu kuna sehemu ya sakafu ya kioo. Nilikanyaga mguu mmoja kwanza, huku nimeshika chuma, nikaona magari yanapita chini ya soli ya kiatu changu. Upande wa magharibi, anga likiwa safi, unaiona milima ya Rockies, nyeupe, imejipanga kama meno. Hapo nakubali, Edmonton haina kitu kama hicho. Banff, mji mdogo wa milimani, iko kama kilomita 130 kutoka Calgary, na wengi wanaosema wameipenda Calgary, ukiwachimba, walichopenda ni Banff.

Lakini mimi nilichokipenda tao ya Calgary ni vile vya bure. Treni ya C-Train, ukiwa ndani ya tao kwenye barabara ya 7 Avenue, hulipi. Unapanda, unashuka, hakuna anayekuuliza tiketi mpaka uvuke mpaka wa eneo la bure. Kuna njia za juu wanazoziita Plus 15, kwa sababu ziko futi 15 kutoka chini, zimeunganisha majengo kwa kilomita nyingi, unatembea kutoka jengo hadi jengo bila kugusa baridi. Kuna daraja la waenda kwa miguu la Peace Bridge, la mwaka 2012, jekundu, limesukwa kama kikapu kirefu, halina nguzo hata moja majini. Na kuna maktaba kuu iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo treni inapita chini yake. Ndani ni mbao, zinazunguka juu hadi kwenye dirisha la paa. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa sina kazi, nilikuwa nakaa mle kutoka asubuhi hadi jioni, nikiandika barua za kuomba kazi. Kuna joto, kuna intaneti, kuna choo safi, na hakuna anayekuambia nunua kitu au uondoke. Kwa mgeni, hicho ni kivutio kikubwa kuliko mnara.

Gari ndilo lililonikosanisha na tao ile. Mnajua leseni ya kwetu hapa inakubalika siku 90 tu baada ya kuhamia, halafu unafanya mtihani wa kuandika na wa barabarani, na bila barua kutoka nyumbani ya kuthibitisha uzoefu unahesabiwa kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Hiyo barua niliisubiri miezi minne. Hadithi yake naiacha, nitapandwa na presha. Nimeshapata leseni, nimenunua gari kuukuu, nikaegesha tao nikalipia kwa simu, lakini kwenye namba ya gari nikabonyeza O badala ya sifuri. Pesa yangu wamechukua. Faini pia wakaandika, ya kutosha kulisha nyumba wiki nzima. Nikaandika rufaa ya kurasa tatu, nikaambatisha risiti, nikaambatisha picha. Jibu likaja mistari miwili: mlipaji ndiye mwenye jukumu la kuandika namba sahihi. Nililipa. Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unakunja ngumi.

Na kwa wale wanaouliza "si upande treni kati ya miji hiyo miwili," treni ya abiria kati ya Calgary na Edmonton ilikoma mwaka 1985. Ni basi, gari au ndege.

Nilihama kwa sababu ya kodi ya nyumba, basi. Kwa jumla nyumba Edmonton ni nafuu, na kwangu tofauti ile ndiyo iliyokuwa ikibaki kutumwa nyumbani. Sikuifuata tao ya Edmonton. Ukweli ni kwamba wiki ya kwanza niliiona imepooza. Jasper Avenue baada ya saa kumi na moja jioni watu wamepungua, maduka mengine yamefungwa kabisa, na kwenye vituo vya treni vya chini ya ardhi unakutana na watu waliolala sakafuni kwa kukosa pa kwenda. Calgary wapo pia, msidhani ni mji mmoja. Inasikitisha, na mtu asikudanganye kwamba huku hakuna.

Kilichonibadilisha ni kujua pa kutazama. Tao ya Edmonton imekaa juu ya ukingo, na uzuri wake uko chini, kwenye bonde la mto North Saskatchewan. Ukitoka kwenye maghorofa unafika ukingoni, ghafla mbele yako ni miti, kijani kitupu, na mto unapinda katikati. Kuna lifti ya mteremko inayokushusha hadi karibu na mto, bure. Kuna majengo ya Bunge la mkoa, yenye kuba, na bustani zake, bure. Kuna daraja linaloitwa Tawatinâ, ambalo treni inapita juu na waenda kwa miguu wanapita chini yake. Ile dari ya njia ya miguu imejaa picha zaidi ya 500 za msanii David Garneau, ambaye ni Métis, watu wa asili wenye damu iliyochanganyika na ya Wazungu, zinazosimulia watu wa asili wa bonde lile, wanyama wao, mimea yao na shughuli zao. Nilitembea nikiwa nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma, nikarudi mwanzo nikaanza upya. Sikulipa hata senti.

Ng'ambo ya daraja hilo kuna Muttart, piramidi nne za vioo zenye mimea. Hapo unalipa, na bei uliyoiona si ndiyo utakayotoa, kuna kodi ya asilimia 5 juu yake, ingawa Alberta angalau haina kodi ya mauzo ya mkoa. Niliingia Januari kwenye piramidi ya mimea ya nchi za joto. Mlango ulipofungwa nyuma yangu, miwani ikajaa ukungu, kamera ikajaa ukungu, na pua ikapata harufu ya udongo uliolowa. Harufu ya shambani asubuhi baada ya mvua. Nilisimama pale bila kuona kitu, sikutaka kufuta miwani.

Makumbusho ya mkoa, Royal Alberta Museum, yamehamia tao tangu 2018, na kwa mwenye watoto nasema lipieni hayo kabla ya kitu kingine chochote. Lakini nyinyi hamniulizi makumbusho. Mnaniuliza West Edmonton Mall. Ndugu zangu, ile haiko tao! Iko mbali upande wa magharibi, utapanda basi ukasinzia njiani. Ni kweli ni kubwa, ilifunguliwa mwaka 1981 na kwa miaka mingi ilikuwa inahesabiwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Ndani kuna barafu ya kuteleza, kuna bembea za kutisha, kuna bwawa lenye mawimbi kama ya bahari. Niliwapeleka watoto mara moja. Kuingia, kula, kukodi kabati la nguo, jioni nikahesabu nikakuta nimetumia mshahara wa siku mbili. Walifurahi sana, na sijutii. Ila sijarudi.

Sasa wengi mmeuliza kwa nini naongea kuhusu vya bure na vya kutembea kwa miguu, kama mtu anayepanga safari. Ni kwa sababu nilikuwa naipanga kweli. Mwaka jana nilimwombea mamangu viza ya kutembelea. Dola 100 za ombi, dola 85 za alama za vidole, bado nauli yake kutoka kijijini kwenda kuzitoa, bado taarifa zangu za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, picha za shamba lake kuonyesha kwamba ana cha kurudia. Jibu likaja kwamba hawajaridhika kwamba ataondoka muda ukiisha. Mama mwenye ng'ombe wawili na kiti chake kanisani, ambaye hata mjini halali usiku mmoja! Pesa hairudishwi. Nilipompigia kumwambia, aliniuliza tu kama nimekula.

Kwa hiyo mkiniuliza tao gani ni kali, mimi najibu nikimfikiria yeye, mtu wa miaka sabini na moja mwenye goti bovu. Ukiwa kijana unayependa watu, muziki, maghorofa na milima, nenda Calgary, hutakosea. Ukija Julai wakati wa Stampede, lile tamasha lao la wachunga ng'ombe, utaona mji mzima umevaa kofia za wachunga ng'ombe, siku kumi, ila vyumba vya kulala panga mapema kwa sababu bei zinaruka. Mimi Calgary ningempeleka mama siku moja: maktaba, ile treni ya bure, daraja jekundu. Mnarani simpandishi, angeshika ukuta muda wote.

Edmonton ningempa siku zote zilizobaki. Nimeshahesabu hatua. Kutoka kwenye lifti hadi benchi la kwanza ni mbali kidogo kwa goti lake, tutapumzika njiani. Jioni tungekaa mahali linapoonekana daraja la High Level, la mwaka 1913, la chuma cheusi. Mwaka 2014 waliliwekea taa 60,000, na wananchi wenyewe ndio walionunua, dola 25 kwa taa moja. Kwa hiyo kila taa pale kuna mtu aliyeilipia. Juni jua linachelewa sana kuzama, itabidi tusubiri hadi saa nne na zaidi za usiku ndipo zionekane vizuri, na yeye saa mbili huwa ameshalala. Nitambebea blanketi na chai kwenye chupa.

Ombi la pili nimelituma wiki iliyopita.