Ramani Inayojua Popo Analala Wapi

(Mhadhara kwa masheha, maofisa wa mipango na kamati za misitu za shehia, Chake Chake, Pemba)

Assalaamu alaykum. Masheha wetu, wazee wangu, ndugu zangu wa mipango ya ardhi, ahsanteni kwa kuitika. Na mliotoka Micheweni alfajiri, Mungu awalipe.

Nianze na aibu yangu. Miaka ya nyuma nilichora ramani ya makazi ya wanyama nikiwa ofisini, picha ya setilaiti mbele yangu na chai pembeni. Kila nilipoona kijani kizito nikapaka rangi ya msitu. Nikaipeleka kijijini kwa majivuno. Mzee mmoja akaitazama, akaigeuza, akaniuliza: "Mwanangu, msitu gani huu unaochumwa kila msimu?" Nilikuwa nimepaka mikarafuu.

Chekeni, nastahiki. Lakini tazameni kosa lilivyoingia. Ukiwa juu kabisa, mkarafuu, mwembe, mfenesi na mvule vyote ni kijani. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake ni za bure, kila kidoti chake ni mita 10 kwa 10. Ndani ya kidoti kimoja unaweza kukuta mikarafuu miwili na banda la kuku. Na hapa petu mawingu hayatuachii siku nyingi za picha safi. Tuna bahati kwamba kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walirusha droni Unguja na Pemba, na picha zile zinaonesha mpaka paa la nyumba yako lilivyopinda. Hata hivyo, droni hupita mchana mara moja ikaenda zake. Haijui nani analala kwenye mti ule.

Anayejua ni nyinyi. Chukueni popo wetu, popo wa Pemba, ambaye duniani kote hapatikani ila kisiwani humu. Miaka ya 1980 aliwindwa na miti yake ikakatwa hadi akawa wa kuhesabika. Kisha vijiji vikaamka, kijiji cha Kidike kikatangulia, na katika miaka ya 2000 idadi ikapita 20,000. Sasa niambieni, popo amenusurika wapi? Wengi wao kwenye vipande vidogo vya miti, pengine ekari moja au mbili: makaburini, mizimuni, sehemu ambazo wazee walisema pasiguswe. Kwenye ramani ya setilaiti kipande kama hicho humezwa na mashamba yanayokizunguka. Kwa mchora ramani hakipo.

Na kulala peke yake hakutoshi. Popo hutoka jua likizama akaruka mbali kufuata maembe na matunda mengine, akirudi ametawanya mbegu njia nzima. Basi ramani inayoonesha mti wa kulala bila ya miti ya kula ni nusu ramani. Ukikata ile miembe ya bondeni, mti wa Kidike utabaki umesimama na matawi matupu.

Ngezi, msitu wetu wa hifadhi, sitaisema sana, kila mtu anaijua, ina mipaka yake na mlinzi getini. Nawaogopea zaidi wale wasio na geti.

Mikoko, kwa mfano. Ramani nyingi huipaka rangi moja tu, "mikoko", basi. Muulizeni mkata boriti kama mlilana na mkandaa ni kitu kimoja! Mlilana umesimama mbele unapokea mawimbi, mkandaa uko nyuma, mchu una tabia zake. Ukiondoa safu ya mbele, bahari inakuja kugonga nyuma, na wenye mabonde ya mpunga karibu na pwani wanajua ladha ya maji ya chumvi shambani. Kwa hiyo nataka safu zichorwe mbalimbali, kwa majina yenu, si yangu.

Nije kwa ndugu zangu wa mipango, maana hapa ndipo pananikera. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya nusu milioni katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Watu watajenga, na wana haki. Lakini katika michoro yenu kuna maeneo meupe, yameandikwa "ardhi tupu". Kiwanja hukatwa penye weupe. Nimekwenda kwenye weupe mmoja kwa miguu: palikuwa na chemchemi, komba, na makaburi ya watu. Aliyechora hakuwa na nia mbaya, alikuwa hana habari, na hakuna aliyempa. Ramani ya makazi ya wanyama ikifika mezani baada ya kiwanja kugawiwa, inakuwa picha ya maombolezo. Ifike kabla. Na sheha awe na nakala yake, ya karatasi, si ya kwenye kompyuta ya mjini.

Haya, nimesema mengi. Mezani kila shehia ina karatasi yake yenye picha ya droni. Penseli nyekundu ni ya miti wanayolala popo, hata kama wamehama mwaka huu. Bluu ni chemchemi na visima vya asili. Ya kijani ni mikoko, safu kwa safu. Mizimu msiyotaka ijulikane na wageni, msiichore, niambieni pembeni kwamba pale pasijengwe, inatosha. Mama wa Kidike, nakuona umeshashika nyekundu. Anza wewe.