Basi Namba 46: Mtaa Unavyoingia Kitabuni

Ndugu zangu, kitabu cha Sam Selvon wa Trinidad cha 1956, The Lonely Londoners, kuhusu wahamiaji wa visiwa vya Karibi waliokuja London, wengi wenu mmeshakisoma, kwa hiyo sikisimulii upya. Leo nataka tukae na basi. Sentensi ya kwanza kabisa, jioni ya baridi na ukungu, Moses, mhusika mkuu, anadandia basi namba 46 kwenye kona ya Chepstow Road na Westbourne Grove, anakwenda stesheni ya Waterloo kumpokea mtu anayetoka Trinidad. Ukungu wa London angeweza kuuandika hata aliyeuona kwenye sinema tu. Kona ile na namba ile ya basi vinahitaji mtu aliyewahi kusimama pale akisubiri.

Najua yupo atakayesema: hiyo ni ramani, siyo fasihi. Hapana, jamani! Namba ya basi ndiyo inayotuonyesha Moses ni nani. Ameshakaa London miaka mingi, hajiulizi apande basi gani. Mgeni wake, Galahad, anashuka kwenye treni na suti ya nchi za joto, hana mzigo, ana mswaki tu. Kesho yake anajitia ujuzi, anatoka peke yake kwenda kutafuta ofisi ya kazi, na hata hajafika mbali anachanganyikiwa katikati ya watu wa Queensway. Mwenyeji na mgeni tumeshawatambua, bila mwandishi kutupa aya nzima ya maelezo.

Na majina. Vijana wale wa kitabuni, wenzake Moses, hawasemi Bayswater, wanasema "the Water". Notting Hill Gate ni "the Gate", Marble Arch ni "the Arch". Ni kama Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilivyoingia vinywani mwa watu wa Dar es Salaam kikatoka Kariakoo. Watu wakishakuwa wa mahali, jina hulitengeneza upya.

Sasa fedha, na hapa ndipo waandishi wetu walioko Ulaya na Marekani wanaponikera. Wanaandika baridi, upweke, kukumbuka nyumbani, kurasa kumi, na hakuna hata mtu mmoja anayelipa kodi! Baridi ya chumba cha kupanga cha London miaka ile ilikuwa na bei. Moto wa gesi ulikuwa na mita yenye tundu: unatia sarafu ya shilingi, gesi inakuja, kiasi ulicholipia kikiisha, moto unazimika, hata kama una wageni. Pauni ilikuwa shilingi 20, lakini noti ya pauni haiingii kwenye tundu. Mtu aliyepokea mshahara mchana anaweza kulala akitetemeka kwa kukosa sarafu moja. Sasa watazameni wale wanaojazana chumbani kwa Moses kila Jumapili asubuhi. Wanafuata mazungumzo, ndiyo, lakini pia shilingi moja inawapasha moto watu wengi.

Na Tanty, yule bibi Mjamaika wa kitabu hichohicho! Anaingia duka la maeneo ya Harrow Road, anamshikilia mwenye duka Mwingereza ampe vitu kwa mkopo, atalipa Ijumaa. Sisi tuliozoea kibao cha "Leo taslimu, kesho mkopo" tunaelewa ameshinda vita gani.

Kwa hiyo wewe wa Leicester, Minneapolis au Muscat, kabla hujaandika neno "upweke", shika daftari utembee mtaani kwako. Andika nauli. Andika kodi inapokewa na nani, siku gani. Duka lipi linauza unga wa sembe, na mfuko wa kilo ngapi. Kisha mtoe mhusika wako nyumbani na kiasi fulani cha fedha mfukoni, umfuate mpaka uone zinamwishia wapi.

Muda unaniishia, na miaka sijaigusa, yaani mtaa uwe wa mwaka wa hadithi yako. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ana hadithi fupi ziitwazo Uhuru Street. Mtaa huo zamani uliitwa Kichwele; ukimpitisha mtu wa 1950 "Mtaa wa Uhuru", msomaji wa Dar atakifunga kitabu. Na tangu 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, kodi ikawa ya Msajili wa Majumba, yaani ya serikali. Ukimweka Mhindi anayekusanya kodi ya ghorofa lake pale mwaka 1973, umekosea.

Lugha nilitaka kuipa nusu saa. Selvon alianza kwa Kiingereza sanifu, kitabu kikakwama. Kilikwenda alipomwacha hata msimulizi aseme Kitrinidadi. Basi mhusika wako wa Leicester akiuchanganya Kiswahili na maneno ya kazini kwake, mwache, na msimulizi asimkosoe.