Siku ya Nne, Turubai Likishaondolewa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na majirani zetu Wakristo naona mko hapo upande wa mlango, karibuni sana, kifo kinabisha kwenu kinabisha kwetu, leo twaongea kama watu wa mtaa mmoja.

Habari za maiti siziongei. Maiti hapa Mombasa twamsitiri vizuri, mtu akifa alfajiri ikifika adhuhuri ashaoshwa ashakafiniwa, vijana washachimba kaburi kule makaburini Kikowani, turubai lishafungwa, viti vishaletwa, grupu la WhatsApp limejaa inna lillahi. Mimi nataka siku ya nne. Tanga limeanuliwa, wa Malindi wamepanda matatu, wa Lamu wameondoka, sufuria za kukodi zimerudishwa, mama amebaki na watoto na ile kanzu ya mumewe bado iko nyuma ya mlango. Hapo ndo msiba unawaingia na hapo ndo hakuna mtu.

Sasa, kuna watu wanadhani imani ni kutolia. Mwanamume akitoa chozi makaburini anaambiwa jikaze bwana. Haya, Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alipomshika mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo anakata roho, machozi yalimtoka mpaka sahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa, hata wewe ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akamwambia hii ni rehema, kisha akasema jicho lalia na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na Nabii Yaqub je? Qurani yasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf, na ndiye yeye yule aliyesema subira njema. Yote mawili kwa mtu mmoja. Na nyinyi wenzetu mna ule mstari mfupi, Yesu akalia machozi, na alikuwa ajua fika kwamba Lazaro atatoka kaburini. Tulichokatazwa sisi ni kujipiga mashavu na kupasua nguo na maneno ya kumshtaki Mungu. Chozi halimo.

Watoto jamani. Hapa niacheni nikae kidogo manake ndo twakosea sana. "Babako amesafiri." Amesafiri wapi? Mtoto wa miaka 5 anangoja, halafu anakasirika, mbona hakuniaga, mbona hapigi simu, na mjomba akienda Nairobi kikazi tu mtoto analia usiku kucha manake ameshaona anayesafiri harudi. Wengine wanamwambia amelala, sasa huyo naye umwambie akalale akubali? Mwambieni amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, si makosa yako, na tutamwombea dua pamoja. Hiyo ya si makosa yako msiiruke, kuna mtoto anaamini kabisa baba alikufa kwa sababu siku ile alimuudhi. Na atauliza tena kesho swali lile lile, mjibu, halafu atatoka akacheze mpira, msiseme hana moyo, huzuni ya mtoto huja na kwenda.

Wakubwa nao hawafanani. Mmoja ataongea habari za marehemu mchana kutwa, mwengine hataki jina litajwe, mwengine anajifukia kazini, basi huyu anamwona yule hana uchungu na yule anamwona huyu anajionyesha, na watu wanaacha kusemezana kabla hata hawajafika kwenye mirathi (mirathi ina siku yake, leo ni hili tu: deni na wasia kwanza, ndo mgawane).

Chakula nacho, na hapa nitawakera. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa vitani Muuta, Mtume aliwaambia watu wawatengenezee chakula jamaa za Jaafar, kwani limewafika la kuwashughulisha. Yaani wapike majirani! Sisi tumepindua, mfiwa anakopa mchele na nyama, twaenda kula pilau lake na kuna anayenung'unika nyama ngumu, wallahi nimemsikia kwa masikio yangu. Pangeni zamu basi, nyumba hii leo, ile kesho, na isiishie siku ya tatu. Kizuka, yaani mjane aliye edani baada ya kufiwa na mumewe, ana miezi 4 na siku 10 hatoki hovyo, nani anamnunulia unga? Nani anampeleka mtoto madrasa, nani anamtilia tokeni ya stima?

Na msimpangie mtu tarehe ya kusahau. Zile siku 3 ni za tanga, moyo haukuwekewa kalenda. Feri ya Mtongwe ilizama 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, ni zaidi ya miaka 30 sasa na kuna mzee ukiitaja tu mbele yake ananyamaza, na swala zake tano hazimpiti. Ila mtu akiwa hali chakula, halali usingizi, miezi inapita na aanza kusema hataki kuishi, huyo msimwambie subiri, mpelekeni hospitali na dua muendelee nazo.

Nishaongea mengi. Kina mama wa nyuma wana maswali ya eda naona, na yule ndugu kwenye nguzo ameinua mkono zamani, mpeni maikrofoni aanze yeye.